Sheikh Al-Amin Mazrui na Somo la Kuandika

Msomaji huenda akaniuliza nina haja gani ya kumtaja marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui nami niko huku Busia, mbali na Mombasa, mahali ambapo wengi hawajapata kulisikia jina lake. Haja ninayo. Nitaieleza kwanza, ndipo nije kwenye maisha ya bwana huyu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Riziki ilinileta mpakani, na kazi yangu ni kufundisha hesabu za biashara katika chuo kimoja kidogo. Wanafunzi wangu ni Wateso, Wasamia, Wabukhayo, Wamarachi na Wajaluo, na wengi wao wanaitamani kazi ya uwakala wa forodha, kwa kuwa tangu utoto wao wanayaona malori yakipita Busia na Malaba usiku na mchana, yakichukua mizigo ya bandari yetu kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi: mwalimu anasema, mwanafunzi ananakili, na siku ya mtihani anarudisha alichopewa.

Kijana mmoja alinirudishia vizuri kuliko wenziwe wote. Alifaulu kwa alama za juu, akaajiriwa katika ofisi moja ya Malaba, nami nikajisifu. Haukupita muda lori moja lililotoka pwani likazuiliwa, kwa sababu karatasi moja ilihesabu katoni na nyingine ilihesabu marobota yaliyofungiwa katoni zile zile. Mzigo ulikuwa halali na hesabu ilikuwa sawa. Kilichotakiwa ni barua moja tu ya maelezo, nusu ukurasa. Kijana wangu alikaa mbele ya karatasi tangu asubuhi hadi alasiri asijue aanzie wapi. Kanuni zote alizijua kwa moyo, lakini hakuwahi hata siku moja kutakiwa aeleze jambo kwa maneno yake mwenyewe. Lori likalala siku nne.

Dereva wake ni mzee wa Likoni ambaye mimi humwita ami. Alinipigia simu akilalamika juu ya karani asiyejua kazi, wala hakujua kwamba karani yule nimemfundisha mimi. Nilimpa pole, nikanyamaza. Usiku ule sikulala vizuri, na nikakumbuka kitabu chembamba kilichokuwa rafuni kwa marehemu baba yangu, jina lake Uwongozi.

Aliyekiandika ni Sheikh Al-Amin. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui waliotawala mji ule hadi mwaka 1837, walipoangushwa na Seyyid Said bin Sultan. Kwa hiyo alizaliwa katika nyumba iliyokuwa imekwisha kupoteza dola, ikabakiwa na elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, akafariki mwaka 1894 na kumwacha mwanawe mdogo, hajafikia umri wa kufundishwa na baba. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye pia mtu wa sheria na ukadhi.

Baadaye alivuka bahari kwenda Unguja kusoma. Siku hizo Unguja ilikuwa na masheikh wawili ambao wanafunzi waliwaendea kutoka Lamu, Ngazija na Barawa: Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Al-Amin alisoma kwao wote wawili, na wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye neno chuo, kwa sababu sisi watu wa pwani tunalo kwa maana mbili. Huku Busia nikisema chuo, kila mtu anafikiri cheti na diploma. Kwetu chuo cha kwanza ni kile cha Kurani, cha mkeka na bakora ya maalim. Wazee wetu walisomea ubao. Mtoto aliandikiwa aya, akaisoma, akaihifadhi, ubao ukaoshwa, akaandikiwa nyingine. Alipokua kidogo aliandika mwenyewe. Kalamu ilikuwa mkononi tangu siku ya mwanzo, ingawa ni kweli kwamba ilikuwa kalamu ya kunakili, si ya kueleza. Kuyanakili maneno ya Mwenyezi Mungu ni ibada, na haifai mtu kuongeza lake. Kosa letu, naona mimi, ni kuzichukua hesabu, kilimo na biashara na kuzisoma kwa adabu ile ile, kana kwamba nazo zimeteremshwa.

Sheikh Al-Amin aliijua tofauti hiyo. Alikuwa akisoma Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotolewa Cairo kuanzia mwaka 1898, ambalo lilifuata fikra za Sheikh Muhammad Abduh. Humo aliona masheikh wakifanya jambo ambalo pwani yetu halikuwa na mazoea: wanachukua mambo ya kila siku, kama shule, fedha, siasa na mila za harusi, na kuyajadili kwa kalamu mbele ya watu wote.

Ndipo mwaka 1930 akatoa gazeti lake, Sahifa, maana yake ukurasa. Aliliandika kwa Kiswahili cha Mombasa na kwa hati za Kiarabu ambazo watu wake walizisoma. Mwaka huo huo Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa hati za Kizungu na kwa msingi wa Kiunguja. Sheikh hakungoja kamati. Aliandika kama watu wa Mvita walivyosema.

Na aliandika juu ya nini? Hapa ndipo penye utamu. Mtu angedhani kwamba mwanachuoni atatoa karatasi za udhu na saumu. Sahifa ilisema juu ya mashamba na viwanja vinavyouzwa ili pesa iliwe katika sherehe, na warithi wabaki mikono mitupu. Ilisema juu ya kuwaiga Wazungu katika mavazi na starehe, ilhali yale ya kuigwa, yaani elimu yao na bidii yao, yanaachwa. Ilisema juu ya watoto wasiopelekwa shule, na ikawataja wasichana, jambo ambalo wakati ule halikumpendeza kila mzee wa Mji wa Kale. Uchumi, afya ya jamii, malezi, lugha, historia, vyote vilipita katika kalamu moja. Mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili, lililoendelea hadi mwaka 1933. Makala za Sahifa zilikusanywa mwaka 1944, zikawa kile kitabu cha rafuni kwa baba.

Nimekisoma tena huku mpakani, mara hii kwa jicho la mwalimu. Kila makala ni fupi. Inaanza na jambo ambalo msomaji amelionasa kwa macho yake barazani au sokoni, inauliza sababu yake, inapima hoja ya upande wa pili, kisha inaamua. Sheikh hakuwa na haja ya maneno makubwa, ingawa Kiarabu chake kingemruhusu. Mwanafunzi akiweza kufanya hivyo juu ya robota na katoni, lori halilali Malaba hata saa mbili.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi kufa kwake. Kadhi ni mtu wa kuandika. Na katika kazi yake hakuna mahali ambapo hesabu na maneno vinakutana kama katika mirathi.

Chukua mfano mdogo. Mtu amekufa, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumuni. Kinachobaki kinagawanywa mafungu manne, mwana wa kiume apate mawili na kila binti fungu moja. Ukitaka kuepuka vipande unaigawa mali yote mafungu 32: mke 4, mwana 14, kila binti 7. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Lakini mwambie aliyepata 7 kwa nini hakupata 14, na mwambie mke kwa nini fungu lake si robo. Bila maelezo yaliyo wazi, hesabu iliyo sahihi huleta ugomvi kwa miaka. Kadhi hatoi tarakimu peke yake. Anatoa tarakimu pamoja na sababu, na sababu hizo zinaandikwa ili hata asiyekuwapo azisome.

Mfano huo niliwapa wanafunzi wangu wa Busia. Karibu wote ni Wakristo, na kugawa mali kwa njia hiyo ni jambo geni kwao. Niliwataka wafanye hesabu, kisha wamwandikie yule binti barua. Hesabu waliipata wote kwa dakika kumi. Barua ziliwashinda. Mmoja aliandika mistari mitatu akalala juu ya dawati. Mmoja, msichana wa Funyula, aliandika kurasa mbili za kuipinga hesabu yenyewe kwa hoja, na ingawa sikukubaliana naye, nilijua kwamba ndiye peke yake aliyeielewa.

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu huandika ukurasa mmoja kwa wiki, na mwalimu mwenzangu wa kilimo akafuata. Mwaka 2021, mwezi wa Machi, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, hapa mpakani kulikuwa na taharuki. Mwenzangu huyo huwapa wanafunzi kazi ya kuandika, kwa ajili ya mama anayeuza mahindi sokoni, jinsi ukungu unavyoingia, kwa nini unyevu ukizidi gunia linaharibika, na kwa nini turubali ni bora kuliko kuanika chini ya ardhi. Asiyeelewa somo hawezi kumwelewesha yule mama. Karatasi yake humfichua mara moja.

Si wote walioafiki. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kuandika ni kazi ya mwalimu wa lugha, na kwamba hii ni mitindo ya Kizungu. Kweli, huko ng'ambo jambo hili lina historia yake. Katika miaka ya 1970 James Britton na wenzake wa London walichunguza uandishi wa wanafunzi katika masomo yote, na vyuo vya Marekani vikaanza kuwataka walimu wa sayansi na biashara nao waandikishe. Lakini nilimjibu mwenzangu kwamba miaka 40 kabla ya hapo kulikuwa na sheikh wa Mombasa ambaye hakuona mpaka kati ya somo la dini na somo la uchumi, ikiwa yote mawili yanahitaji kuelezwa. Hoja yake ya pili, kwamba nani atasahihisha karatasi 60 kila wiki, sikuwa na jibu lake, na mpaka leo sinalo la kuridhisha. Ninasahihisha 20 kwa zamu, na nyingine wanasomeana wenyewe.

Kuna jambo jingine la Sheikh Al-Amin ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Alikuwa Mazrui, naye aliandika historia ya Mazrui. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa kila mtu anamtazama kama atawasifu wazee wake au la. Aliiandika kwa Kiarabu, na mwaka 1995 ikachapishwa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, karibu nusu karne baada ya kufa kwake. Aliyekulia katika mapokezi ya ukoo anaweza kuridhika na yale aliyoyasikia barazani. Yeye aliona lazima yaandikwe, yapangwe kwa watawala na nyakati zao, ili wengine wayapime.

Vile vile alianza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Mwaka 1923 kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alikuwa amekwisha kutoa tafsiri yake, na Waislamu wa pwani hawakuwa na ya kwao ya kuiweka kando yake. Sheikh alifika mbali katika kazi hiyo, akaandika na vitabu vya kuwafundishia watoto dini, huku kesi za ukadhi zikimngoja. Tarehe 1 Aprili 1947 akafariki, na umri wake ulikuwa miaka 56. Tafsiri haikuwa imechapishwa.

Ningeishia hapo kama angekuwa mwanachuoni wa kusikilizwa tu. Lakini tazama wanafunzi wake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963, akaandika vitabu, na katika miaka ya 1970 akatoa gazeti lake, Sauti ya Haki. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyemfuata katika ukadhi mwaka 1968, alikuwa mwalimu wa shule Unguja kwa miaka mingi, akaandika historia ya masheikh na ya masultani, na mwaka 1969 tafsiri yake ya Kurani nzima ikatoka Nairobi. Wanafunzi hawa wawili walifariki mwaka mmoja, 1982, kama walivyofariki mwaka mmoja wale waalimu wawili wa Unguja. Lakini mwaka 1980, kabla hawajaondoka duniani, sehemu ya kwanza ya tafsiri ya Sheikh Al-Amin, Al-Fatiha na Al-Baqara, ilichapishwa Nairobi baada ya kutengenezwa na Sheikh Muhammad Kasim. Miaka 33 karatasi zile zilihifadhiwa na mikono iliyojua namna ya kuzimaliza.

Na yuko mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kuachwa na baba akiwa na miaka 14. Baba alitaka akasome Al-Azhar. Mtoto hakufika huko. Mtihani wa shule haukumwendea vizuri, akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha ufundi cha Waislamu pale Mombasa, kisha akapata nafasi ya kwenda Uingereza. Mwaka 1963 alianza kufundisha Makerere, ng'ambo ya mpaka huu ninaoutazama, na kwa miaka kumi aliandika juu ya siasa kwa namna ambayo hata watawala walilazimika kumsoma. Njia ya Makerere ni hii ya Malaba. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, wakati Sahifa bado inatoka. Profesa alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa katika makaburi ya Mazrui.

Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi waandike juu ya neno boda boda. Neno hilo ni la hapa kwetu mpakani. Busia, baina ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na mwendo wa kutosha kumchosha mtu mwenye mzigo, na waendesha baiskeli walikuwa wakiita abiria kwa jina la mpaka wenyewe kwa Kiingereza, mara mbili. Kutoka Busia biashara hiyo ikaenea hadi Malaba. Niliwataka waeleze kwa hesabu: nauli, gharama ya baiskeli, safari ngapi kwa siku ndipo mtu arudishe mtaji wake, na kwa nini pikipiki zikaishinda baiskeli.

Yule kijana wa Malaba alikuja Jumamosi akaniomba naye apewe kazi hiyo, ingawa alikwisha kumaliza chuo. Nikampa. Ameileta jana, ukurasa mmoja na nusu, na mstari wa kwanza ameufuta mara tano. Ami yangu wa Likoni anapita leo usiku na shehena ya kwenda Kampala, nami nimemwambia asimame kwangu anywe chai. Nimeiacha karatasi ile juu ya meza, penye nafasi yake ya kukaa.